Familia ya Kikristo inahamia Ujerumani: fanyeni hivi, kwa mpangilio huu

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali ni yale yale kila wiki: "tumepata viza, tunahamia Ujerumani na watoto, sisi ni watu wa kanisani, tujiandaeje?" Nimeona niandike mara moja niwe natuma hii tu. Viza na mikataba ya kazi siongelei, hayo yana watu wake. Hapa ni imani, watoto, na maisha ndani ya nyumba mkishafika.

Na niseme mapema, wengi wanakuja wamejipanga kupambana na dhambi za mitaani, wamefunga na kuomba, halafu kinachowakamata ni fomu moja ya serikali, jirani wa chini anayegonga dari, na mtoto aliyemwambia mwalimu kwamba jana alichapwa. Hakuna anayekuja kuwatesa kwa sababu ya Yesu. Uhuru wa kuabudu upo kwenye katiba na unaheshimiwa kweli. Taabu iko kwenye vitu vidogo ambavyo mlikuwa mnavifanya bila kuvifikiria.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda ndege

- Vyeti vya kuzaliwa vya wote na cheti cha ndoa kilichosajiliwa serikalini, orijino, na tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri aliyeapishwa. Ile karatasi nzuri ya kanisani yenye maua ni ya ukutani, ofisini wanataka ya serikali.
- Vyeti vya ubatizo na kipaimara au komunyo. Watu wanaviacha kabatini halafu mtoto akifika umri wa kipaimara wanaanza kumsumbua katibu wa parokia nyumbani kwa simu.
- Barua fupi ya utambulisho kutoka kwa mchungaji au paroko wenu.
- Kadi za chanjo za watoto. Tangu Machi 2020 bila uthibitisho wa kinga ya surua mtoto hapokelewi chekechea, na shuleni pia lazima muuonyeshe. Hapo hoja ya imani haisaidii, kinachokubalika ni sababu ya kitabibu tu.
- Biblia na vitabu vya nyimbo vya Kiswahili, vya karatasi. Najua viko kwenye simu. Leteni vya karatasi, nitawaambia kwa nini kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Baba na mama kaeni chini mtenganishe imani na mazoea

Hii fanyeni kabla hamjasafiri, watoto wakiwa wamelala. Daftari moja, mstari katikati. Upande huu andikeni yale ambayo mkiyaacha mmeacha imani, upande ule yale mliyoyakuta tu kwenu mkayapenda. Kusali kabla ya kula ni imani. Kukemea kwa sauti saa saba usiku hadi madirisha yanatetemeka ni mazoea. Kumlea mtoto katika adabu na kumcha Mungu ni imani, na fimbo, samahanini sana, ni mazoea. Suti na gauni la Jumapili ni mazoea, maana kule mtakuta mzee wa kanisa amekuja na jinsi na viatu vya kupandia mlima na hakuna anayemshangaa.

Mtabishana. Bishaneni huko huko nyumbani, kwa sababu mkibishania Ujerumani, kwenye nyumba ndogo, majira ya baridi, mmoja bado hana kazi, mabishano yanakuwa ya ndoa na daftari linasahaulika.

Hatua ya 2: Fomu ya usajili, soma kabla hujajaza

Mkihamia kwenye nyumba mna wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya manispaa, wanaita Anmeldung. Mwenye nyumba anawapa karatasi ya kuthibitisha mmehamia kwake, mnaenda na pasipoti na vyeti. Bila usajili huu mambo mengi hayaendi, kuanzia namba ya kodi mpaka akaunti ya benki.

Sasa, kwenye hiyo fomu kuna kisanduku kinauliza dini. Umesimama dirishani, umechoka, mtoto analia, unaona kifupi "ev" unasema aah evangelisch, si ndo sisi watu wa injili, unajaza. Umeshajiandikisha kodi ya kanisa.

Iko hivi. Ujerumani makanisa makubwa mawili, Katoliki (kifupi chake rk) na lile la Kiprotestanti la kimkoa (ev), yanakusanyiwa kodi na serikali. Inaitwa Kirchensteuer. Ni asilimia 8 ya kodi ya mapato ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg, na asilimia 9 mikoa mingine yote. Sio asilimia 9 ya mshahara, ni ya kodi yako ya mapato, kwa hiyo kama unakatwa kodi ya mapato euro 500 kwa mwezi, kanisa linachukua 45 juu yake, au 40 huko kwenye asilimia 8. Mwajiri anakata mwenyewe, hutaulizwa tena.

Kwa hiyo:

- Wewe ni Mkatoliki: kanisa lako linakuhesabu muumini tangu ubatizo, popote duniani. Jaza ukweli. Anayejificha hapa anajitafutia matatizo siku anataka ndoa ya kanisani au ubatizo wa mtoto, na kodi ya nyuma inaweza kudaiwa.
- Wewe ni Mlutheri na unataka kuwa muumini wa kanisa la kimkoa: jaza ev, lipa, mtapata huduma zote, mpaka mazishi.
- Wewe ni Mpentekoste, Mbaptisti, Msabato, au wa huduma yoyote huru: wewe sio ev, hata kama kwenu mnajiita wainjilisti. Makanisa haya kule yanaitwa Freikirche na kwa kawaida yanaishi kwa sadaka na zaka, hayakusanyiwi na serikali. Unaandika huna, "keine".

Kuna walokole wanagoma kuandika "keine" wakiona ni kumkana Kristo. Jamani, hiyo fomu haiulizi kama umeokoka. Inachotaka kujua ni kama uko kwenye kanisa linalotozewa kodi, basi.

Na zaka mnayotoa kwenye kanisa huru lililosajiliwa, pitisheni benki. Sadaka inapunguza mapato yanayotozwa kodi, mpaka asilimia 20 ya mapato, na kila mchango usiozidi euro 300 unathibitishwa kwa taarifa ya benki tu. Zaidi ya hapo omba stakabadhi kwa kanisa. Kutoa noti kwenye bahasha ni kuzuri kiroho ila ofisi ya kodi haiioni.

Hatua ya 3: Tafuteni kanisa, na mpe kila kanisa zaidi ya Jumapili moja

Mwisho wa 2023 makanisa yale mawili makubwa yalikuwa na waumini kama milioni 39, kwenye nchi ya watu kama milioni 84. Na waliojiandikisha sio wanaokuja. Mashariki, iliyokuwa Ujerumani ya kikomunisti, wasio na kanisa ndio wengi kabisa, mpaka Wittenberg kwenyewe alikoanzia Luther mwaka 1517.

Kwa hiyo mtaingia kanisa kubwa la mawe, kinanda cha mabomba kinanguruma, na ndani kuna wazee wachache wamekaa mbalimbali kama wamegombana. Ukutani kuna ubao wenye namba tu, hizo ni namba za nyimbo, chukueni kitabu mlangoni. Hakuna makofi, hakuna ushuhuda, saa moja imeisha. Watu wengi wakitoka hapo wanasema kanisa limekufa na hawarudi tena.

Msiondoke. Mchungaji atasimama mlangoni anampa kila mtu mkono, mwambieni ndo mmehamia. Halafu mara nyingi kuna kahawa kwenye ukumbi wa pembeni, kaeni kwenye hiyo kahawa hata kama Kijerumani chenu ni cha "habari" na "asante". Yule mama mzee aliyekuwa kanuna kwenye benchi ndiye atakayekuuliza mtoto ana koti la baridi saizi gani, na wiki ijayo atakuja nalo kwenye mfuko. Mjerumani urafiki wake unachelewa kuanza lakini ukianza, umeanza.

Ushauri wangu, na najua kuna wachungaji hawaupendi: kama kuna ibada ya Kiswahili mjini au mji wa jirani, nendeni kwa zamu, Jumapili nyingine huko, nyingine kwa Wajerumani wa mtaani kwenu. Mkienda ya Kiswahili tu, wazazi mtashiba ila watoto baada ya miaka mitatu hawafuati mahubiri, wanakaa nyuma na simu. Mkienda ya Kijerumani tu, ninyi wazazi mtakauka.

Onyo: akija mtu wa huduma fulani akawaambia msichanganyike na Wajerumani kwa sababu wamepoa kiroho, na papo hapo anataka zaka yenu mkononi, muogopeni huyo kuliko Wajerumani.

Hatua ya 4: Jumapili na kelele

Jumapili maduka yamefungwa. Yote. Yanabaki vituo vya mafuta, maduka ya stesheni kubwa na mikate asubuhi. Mapumziko ya Jumapili yamo kwenye katiba, kwa hiyo manunuzi ni Jumamosi. Hutoboi ukuta Jumapili, hutupi chupa kwenye pipa la vioo, na mashine ya kufulia kwenye jengo la wapangaji soma kwanza kanuni za nyumba.

Kila siku kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Mkesha wa nyumbani wa kuimba na kukemea hauwezekani kwenye jengo la wapangaji, jirani anaita polisi na anaita bila chuki yoyote, kwake ni kawaida tu. Ombeni kwa sauti ya mazungumzo, au ombeni kanisa liwape ukumbi Ijumaa.

Hatua ya 5: Watoto na fimbo

Hapa someni taratibu.

Tangu Novemba 2000 sheria ya Ujerumani inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila ukatili. Adhabu ya viboko, kumuumiza kisaikolojia na kumdhalilisha ni marufuku, hata kwa mzazi, hata ndani kwako. Kofi ni kofi. Kumsimamisha mtoto mbele ya wageni umtukane nako kumo humo. Usifungue Mithali 13 mbele ya afisa, haitakusaidia, na kusema ukweli haimsaidii hata Yesu jina lake.

Inavyotokea: mtoto wa miaka sita yuko darasani, mwalimu anauliza mlifanya nini wikiendi, mtoto anasema kwa raha zake tu tulienda kanisani, tulikula, baba akanichapa na mkanda. Mwalimu anaripoti, ndiyo kazi yake. Linakuja suala la Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto na vijana. Wengi wanaamini Jugendamt kazi yake ni kunyang'anya watoto. Mara nyingi wanaanza na mazungumzo na msaada, ila wakiona mtoto yuko hatarini wanaweza kumchukua kwa muda siku hiyo hiyo. Hilo sio hadithi.

Cha kufanya:

1. Waambieni watoto wenyewe, kwa midomo yenu, kwamba hapa hatuchapi tena. Msiwafundishe "usimwambie mwalimu". Mtoto anayefundishwa kuficha siri ya nyumbani ataificha pia siku mtu mbaya akimgusa.
2. Kubalianeni baba na mama adhabu mbadala: kunyimwa tableti, kufuta mchezo wa jumamosi, kukaa kimya dakika chache, kazi ya ziada. Iwe ile ile kwa wote wawili, maana mtoto akigundua mama ni laini amekwisha kuwaweza.
3. Mkizidiwa nendeni wenyewe kuomba ushauri wa malezi. Caritas ya Wakatoliki na Diakonie ya Waprotestanti wana ofisi za ushauri kwenye miji mingi, bure, na haijalishi ninyi ni dhehebu gani. Aliyekwenda mwenyewe kuomba msaada anaonekana mzazi anayejali.

Wababa ndo mnateseka zaidi hapa, najua. Mtu alikuwa anaingia mlangoni nyumba inanyooka, sasa mtoto anamjibu kwa Kijerumani asichokielewa. Pole. Hakuna njia ya mkato, heshima kule unaijenga kwa kuwa na muda nao: mpeleke mpirani, kaa naye kwenye homuweki hata kama huielewi.

Hatua ya 6: Shule

Kuanzia kama miaka sita mtoto lazima aende shule, na kusomesha nyumbani kwa sababu za dini hakuruhusiwi. Wazazi Wakristo wa huko huko walishalipeleka hili mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2006 wakakataliwa. Mwaka 2011 wengine wakakataliwa kuhusu watoto kukosa masomo ya elimu ya uzazi. Kwa hiyo hiyo vita msianze. Fanyeni hivi: kwenye mkutano wa wazazi muulizeni mwalimu somo la uzazi linakuja lini na watafundisha nini, halafu ninyi mzungumze na mtoto wiki moja kabla. Asisikie shuleni kwanza. Mwone aibu, lakini mzungumze.

Upande wa pili kuna habari njema ambayo wengi hawaijui: mikoa mingi shule za serikali zina somo la dini ndani ya ratiba, la Kikatoliki na la Kiprotestanti, limo kwenye katiba. Ninyi wazazi mnachagua aingie lipi, au aende somo la maadili. Ulizeni siku ya kuandikisha. Ila msitegemee liwe shule ya Jumapili, ni somo, lina maksi.

Mjue pia kuna sheria ya 1921, bado inatumika: mtoto akifika miaka 12 hamuwezi kumbadilisha dini bila ridhaa yake, na akifika 14 anajichagulia mwenyewe. Kumlazimisha kanisani kwa nguvu kuna tarehe ya mwisho. Ndo maana nikasema leteni Biblia na vitabu vya nyimbo vya karatasi. Ibada ya nyumbani, dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni, kwa Kiswahili, kila mtoto na kitabu chake mkononi, simu ziko chumba kingine. Mmoja anasoma, mwingine anachagua wimbo, mdogo anaomba. Isizidi hapo, mkiigeuza mahubiri ya saa nzima mtaipoteza. Hapo mtoto anapata Kiswahili na imani kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: Tumieni kalenda yao

Tarehe 11 Novemba watoto wanatembea na taa za karatasi wakiimba kuhusu Mtakatifu Martin aliyemgawia maskini vazi lake. Jumapili nne kabla ya Krismasi wanawasha mishumaa, mmoja mmoja. Usiku wa kuamkia 6 Desemba watoto wanaweka viatu mlangoni Mtakatifu Nikolaus awawekee zawadi. Ijumaa Kuu nchi nzima imetulia. Hata wasioamini wanafanya haya, kwa hiyo ni rahisi sana kumkaribisha jirani, na mtoto wako akajikuta anaijua hadithi kuliko wenzake. Krismasi yenyewe kilele ni jioni ya tarehe 24, maduka yanafungwa kama saa nane mchana na kila mtu anajifungia na familia yake. Mkingoja 25 kuwe na shamrashamra mtaani hamtaona kitu.

Wageni: hakuna kubisha hodi tu kwa mtu, mnapanga siku na saa, na saa ni saa.

Mambo yakikwama

*Nilishajaza ev kwa kutokujua, nakatwa kila mwezi.* Unajitoa rasmi, mahakama ya wilaya au ofisi ya usajili wa raia kutegemea mkoa, unaenda na kitambulisho, mikoa mingi kuna ada ndogo. Zilizokwisha katwa usizihesabu. Ila Mkatoliki asikimbilie hii kuokoa hela: tangu agizo la maaskofu wa Ujerumani la 2012, aliyejitoa rasmi hapokei sakramenti wala hawi msimamizi wa ubatizo.

*Barua ya Jugendamt imekuja.* Usiitupe, usiifiche, usihame mji. Jibu, nenda siku waliyopanga, omba mkalimani. Mtoto wako asiwe mkalimani, wala hospitalini asiwe. Mchungaji wa Kijerumani anayewafahamu akikubali kuwasindikiza, nendeni naye.

*Mama analia kila siku tangu Novemba.* Desemba jua linazama kama saa kumi jioni na aliyebaki nyumbani na mtoto mdogo anaumia kwelikweli. Usimwambie aombe tu. Aende kwa daktari, atoke nje mchana hata dakika ishirini, aandikishwe kozi ya lugha haraka, na apelekwe kikundi cha kina mama na watoto wachanga, makanisa mengi wanacho katikati ya wiki. Usiku akizidiwa, na kama Kijerumani anacho kidogo, simu ya ushauri ya TelefonSeelsorge 0800 111 0 111 ni bure saa 24, inaendeshwa na makanisa.

*Kijana amesema haendi tena kanisani.* Ana miaka mingapi? Chini ya 14 mnaweza bado kupanga, ila mpeni kanisa lenye vijana wenzake, hata likiwa sio dhehebu lenu. Juu ya hapo ulizeni anachokikataa ni nini, Mungu, au masaa manne ya ibada kwa lugha anayoisahau. Mara nyingi ni hilo la pili na linatibika.

*Jirani amelalamika kuhusu maombi.* Nendeni mchana, na keki, muombe radhi, muulizeni saa zipi zinamsumbua. Halafu hamisheni maombi chumba kisichopakana na chumba chake cha kulala.

*Ndugu nyumbani wanasema mmepoa na mmekuwa wachoyo.* Wapigieni video saa ile ile ya ibada yenu ya jioni mara moja kwa wiki, waone wenyewe. Na ya hela, pangeni kiasi kwa mwezi baba na mama mkikubaliana, wapeni taarifa kiasi hicho mapema, na mwezi wenye bili ya kupasha nyumba joto semeni tu kwamba mwezi huu hakuna.